Kuvuka Njia Katika Nchi Ngeni

Katika Tanzania, Kenya na Uganda magari hushika upande wa kushoto wa njia. Lakini katika Rwanda, Burundi na Kongo hushika upande wa kuume. Nchi zile zilitawaliwa na Waingereza, na hizi na Wabelgiji, na kila mtawala aliacha desturi yake.

Mtu aliyelelewa Mwanza amezoea kutazama kuume kwanza kabla ya kuvuka, maana gari lililo karibu naye hutoka upande huo. Akihamia Kigali, gari hilo hutoka kushoto. Macho yake ni mazima, ila shingo hugeuka kwa mazoea. Huona njia tupu, hutia mguu, kumbe gari limekwisha fika ubavuni. Hatari yake ni kwamba hudhani ajua.

Mjini London maneno yameandikwa chini penye vivuko, kuwaonya wageni watazame upande gani. Tena wenyeji nao huweza kuwa wageni kwao: tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ya Uswidi iliacha kushoto ikashika kuume, baada ya watu kufundishwa kwanza.

Basi mgeni na asimame ukingoni, atazame pande zote mbili, kisha atazame tena upande wa gari la karibu. Wazee husema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako. Lakini penye njia ya magari, fumbua yote mawili.