Walinzi Waliomo katika Mafuta ya Mwili

Mchungaji akichomwa na mwiba wa mgunga katika nyanda za Ngorongoro, haupiti muda mrefu kabla mahali palipochomwa hapajawa pekundu, pakapata joto, pakavimba na kuuma. Hali hiyo huitwa mchochota, nayo ni kazi ya kinga ya mwili. Bakteria walioingia pamoja na mwiba hutambuliwa na seli za kinga, ambazo juu yake zina vipokezi, yaani protini zenye umbo la kunasa vitu vya aina fulani tu, mfano wa kitasa na ufunguo wake. Kipokezi kikinasa kitu chake, seli hupiga mbiu na wenzake hukusanyika. Mwiba ukitolewa na bakteria wakiangamizwa, mchochota hutulia.

Upo, hata hivyo, mchochota usiohitaji mwiba. Hauumi, hauonekani, na waweza kudumu miaka mingi. Makao yake ni mafuta ya mwili wa mtu aliyenenepa kupita kiasi.

Katika jamii zetu nyingi kitambi kimehesabiwa kuwa dalili ya neema, na si ajabu, kwani mafuta ni akiba ya mwili dhidi ya njaa. Kosa ni kudhani kwamba akiba hiyo ni kama gunia la mahindi lililowekwa darini, lisilo na uhai. Tishu ya mafuta ni kiungo kinachofanya kazi: ina mishipa ya damu, hutoa homoni (leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ni mojawapo), tena ina walinzi wake. Miongoni mwa walinzi hao ni makrofaji, yaani seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa.

Makrofaji hutumia vipokezi vya jamii iitwayo Toll. Jina hilo lilitolewa kwanza kwa jeni ya nzi wa matunda. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann huko Ufaransa lilionyesha kwamba nzi asiye na jeni hiyo hushindwa kujikinga na kuvu, na mwaka 1998 Bruce Beutler wa Marekani na wenzake waligundua kwamba kipokezi cha Toll namba 4 ndicho kinachowawezesha panya kutambua sumu ya gamba la bakteria. Wanasayansi hao wawili walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Sasa, kipokezi kilichoumbwa kwa ajili ya bakteria kina shughuli gani ndani ya mafuta? Mtu anapozidi kunenepa, seli zake za mafuta hutanuka mno. Mishipa ya damu haiwahi kukua sawia nazo, baadhi ya seli hukosa oksijeni ya kutosha, nyingine hufa na kumwaga yaliyomo. Makrofaji huizunguka seli iliyokufa wakafanya duara linaloonekana chini ya hadubini kama taji. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walikadiria kwamba makrofaji, ambao katika tishu ya mafuta ya mtu mwembamba hawafiki asilimia 10 ya seli zote, hukaribia asilimia 40 kwa mtu mnene sana. Kwa miaka kadhaa ilifikiriwa kwamba asidi za mafuta zenyewe hujishikiza kwenye kipokezi namba 4 kama ufunguo wa bandia. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sivyo: yaelekea kipokezi hicho huiweka seli tayari, kisha mafuta huigeuza mwenendo. Vyovyote iwavyo, mbiu hupigwa pasipo adui.

Madhara yake hayaishii kiunoni. Makrofaji hao hutoa protini iitwayo TNF, ambayo mwaka 1993 ilikutwa kwa wingi katika mafuta ya panya wanene. Protini hiyo huvuruga kazi ya insulini, homoni inayoziamuru seli kupokea sukari kutoka katika damu. Amri hutolewa, lakini haitekelezwi ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, na likishindwa, mtu huugua kisukari.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro zina mengi ya kuifundisha sayansi hii. Kando ya Ziwa Eyasi huishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado hula nyama ya porini, asali, mizizi na matunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima nishati waliyotumia watu wazima 30. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati yao ya siku nzima haikuzidi ile ya watu wa nchi za Magharibi. Herman Pontzer, aliyeongoza kazi hiyo, amependekeza kwamba mwili una bajeti yenye mipaka, na kwamba atembeaye sana hubakiwa na kidogo cha kutumia katika mambo kama mchochota. Hiyo ni dhana tu, ingawa ni dhana inayostahili kupimwa.

Wamasai nao walichunguzwa mapema. Mwaka 1964 George Mann alichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Tanganyika waliolishwa kwa maziwa na nyama, akakuta dalili chache mno za ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mafuta ya chakulani, basi, si lazima yawe mafuta ya kiunoni.

Jaribio lililo wazi zaidi limefanyika katika mkoa wa Kilimanjaro, likachapishwa mwaka 2025. Vijana wa kiume 77 wenye afya njema walishiriki. Waliozoea chakula cha asili, chenye mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa, walipewa chakula cha Kimagharibi kwa wiki mbili. Wengine walibadilishiwa kinyume chake, na kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Kundi la kwanza lilizidiwa na protini za mchochota katika damu, na wakati huohuo seli zao za kinga zilipambana na vijidudu kwa udhaifu zaidi. Walioingia katika chakula cha asili, pamoja na wanywa mbege, walipungukiwa na dalili za mchochota. Wiki nne baada ya jaribio kwisha, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yakionekana katika damu yao.