Salongo ya bunduki si kosa la mchimbaji

Siye wa sendika tumeisha kuchoka kusikia neno moja. Kila mara kundi lenye bunduki likifukuzwa kwenye mulima, huko Masisi ao Walikale, wale wanaoingia wanawageukia wachimbaji: ninyi mulitumikia adui. Anamutumikia adui namna gani, mutu aliyeshushwa shimoni na bunduki mugongoni?

Kazi yenyewe inaitwa salongo. Siye tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliikuta ile ya Mobutu: ufagio, jembe, mitaro ya maji, na mwalimu anahesabu watoto. Wenye bunduki walichukua jina, ufagio wakauacha. Siku yao ikifika unavaa toroshi kichwani, unashuka, na mufuko unaopandisha ni wa komanda. Bule. Njaa ndiyo inabaki yako.

Si jambo la leo. Mwaka 1942, Japani ilipokwisha kukamata Malaya, Wazungu walikosa mpira na bati za vita. Wabelgiji wakaongeza kazi ya lazima ya vijijini kutoka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka. Wazee wetu wakarudishwa porini kugema mpira, na kasiterite ya Kivu na Maniema ikaenda vitani.

Vita ile ile, kule Birkenau, katika Polandi iliyokaliwa na Wajerumani, Wanazi walichagua wafungwa Wayahudi wakawafanya kundi waliloliita Sonderkommando. Kazi yao: kutoa maiti katika vyumba vya gesi, kukata nywele, kungoa meno ya zahabu, kuchoma. Kisha wao pia waliuawa na wengine kuwekwa pahali pao, maana walikuwa wameona. Hatupimi mambo haya kwa mizani moja. Babu zetu walikuwa na nyumba ya kurudia; wale walikutana na ndugu zao wenyewe kati ya maiti. Lakini ile lawama tunaijua: waliopona, kuna watu waliowaita wasaidizi wa wauaji.

Wasaidizi gani? Tarehe 7 Oktoba 1944 waliasi, wakachoma tanuru namba 4. Karibu 450 waliuawa. Baruti ilikuwa imetoka kwa wanawake Wayahudi, wafungwa wa kiwanda cha silaha cha Weichsel-Union, walioiba kidogo kidogo na kuificha katika nguo. Roza Robota aliipokea akaipitisha. Yeye na wenzake 3 walinyongwa Januari 1945. Zalmen Gradowski, mumoja wa lile kundi, alikuwa ameandika yote na kuzika karatasi karibu na matanuru. Zilichimbuliwa vita ilipokuwa inaisha.

Siye tunaomba kila ekipe ya wachimbaji iwe na daftari: tarehe, shimo, mifuko mingapi, nani aliichukua. Majina ya wachimbaji hapana, namba inatosha, maana daftari ikikamatwa mutu anakufa.

Moja imetufikia hapa Goma juma lililopita, imefungwa ndani ya kipande cha shitingi. Siku 9 za salongo katika miezi 2. Katikati bic ilimwishia mwandishi, akaendelea na kreyo.