Wakati Bunduki Zimenyamaza

Mtu anayealikwa kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha wa klabu huogopa mlio. Kuogopa si kosa, ila anaogopa wakati usio wake. Walengaji kumi wakiwa wamelala kwenye mstari, mitutu yote ikielekea tuta la udongo na msimamizi akiwa amesimama nyuma yao, uwanja uko shwari. Mimi huanza kukodoa macho pale msimamizi anapositisha zoezi na watu kuinuka kwenda kuangalia shabaha zao. Sasa kuna binadamu mbele ya mitutu. Soga zimeanza, simu zinatoka mifukoni, na hakosekani mmoja anayetaka kutumia nafasi hiyo kurekebisha darubini ya bunduki yake.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kanuni za klabu inahusu mapumziko. Kabla ya yeyote kuvuka mstari, kila silaha hutolewa risasi, magazini huchomolewa, komeo huachwa wazi, na kwenye chemba huchomekwa kibendera cha plastiki chenye rangi kali ili hata aliye mbali aone kwamba hakuna kitu ndani. Baada ya hapo ni mikono mbali. Huruhusiwi kuifuta vumbi, wala kuisogeza kidogo ili mwenzako apate pa kuweka begi. Wote hurudi nyuma, na hakuna anayeigusa meza mpaka aliyekwenda mbali zaidi awe amerejea. Wageni hulitii jambo hili bila shida. Wanaolinung'unikia ni wakongwe, ambao bunduki imekuwa kwao kifaa cha kila siku kama jembe.

Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani aliyefungua shule ya kufundisha silaha huko Arizona mwaka 1976, ndiye aliyeeneza kanuni nne ambazo klabu nyingi duniani zimezibandika ukutani. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Uzuri wa kanuni hizi uko katika kusaidiana: anayesahau kidole huku mtutu ukielekea tutani atatoboa udongo na kupata karipio. Ili mtu adhurike, kwa kawaida lazima kanuni mbili zivunjwe kwa pamoja.

Na hutokea. Chukua ganda la risasi lililotoka kwenye bastola likiwa la moto, likaruka na kutumbukia ndani ya kola ya shati. Mwili haungoji ruhusa: mwenye shati hupiga ukelele, hugeuka, hupeleka mkono kifuani, na mkono wa pili bado umeshika bastola yenye risasi, kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Mtutu umezunguka nusu duara na kupita mbele ya majirani wote. Mtu huyo hakuwa mlevi wala mjinga. Kinga yake ni rahisi mno, nayo ni kofia yenye ukingo na shati lililofungwa mpaka shingoni. Likiingia licha ya hayo, vumilia uungue. Kidonda kidogo kitapona. Vivyo hivyo bastola ikikuponyoka, iache ianguke. Bastola nyingi za kisasa zimetengenezwa zisifyatuke kwa kuanguka, lakini anayeidaka hewani huishia kuingiza kidole mahali pale pale pasipotakiwa.

Kimya kingine cha hatari ni cha risasi iliyogoma. Umefyatua, hakuna kilichotokea. Kishawishi cha kwanza ni kuigeuza bunduki uone kuna nini, na hicho ndicho cha kukizuia: baruti huweza kuchelewa kuwaka, hivyo mtutu unabaki kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima kabla ya kufungua chemba. Na ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, acha kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua.

Amri ya kusimamisha zoezi haina cheo. Mwanachama wa juzi akiona mbuzi au mtoto ameingia uwanjani hupaza sauti, na mwenyekiti wa klabu hutii kwanza, kuuliza baadaye. Klabu ambayo wadogo wanaona haya kuwapigia wakubwa kelele ina tatizo ambalo tuta la udongo haliwezi kulitatua.

Hapo ndipo uanachama unapopata maana yake, na si katika ubwanyenye ambao wengi hudhani. Uingereza inaonyesha vizuri. Chama chao cha bunduki kilianzishwa mwaka 1859, na tangu 1890 makao yake ni Bisley, katika jimbo la Surrey. Hata Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester mwaka 2002 ililazimika kupeleka huko mashindano ya shabaha. Uwanja mmoja wa Bisley una masafa ya hadi yadi 1,200, zaidi ya kilomita moja, na eneo la tahadhari nyuma yake, kwa sababu hata risasi ndogo ya .22 huweza kufika karibu maili moja na nusu. Lakini uwanja mzuri peke yake hautoshi: mwaka 1996, mtu aliyewahi kuwa mwanachama wa klabu za bunduki aliua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Uskoti. Mwaka uliofuata karibu bastola zote za raia zilipigwa marufuku. Leo klabu ya bunduki ndefu iliyoidhinishwa humweka mwanachama mpya katika majaribio kwa angalau miezi mitatu, na mwenye leseni akipitisha mwaka bila kufyatua na wenzake, polisi huarifiwa. Klabu inatakiwa kumjua mtu, ijue na anapoanza kubadilika.

Kwetu Kenya silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015. Lakini leseni hukagua nyaraka. Hasira ya leo asubuhi, harufu ya pombe, dawa za usingizi: hayo huonwa na aliye meza ya pili, naye ndiye mwenye wajibu wa kusema, hata kama mhusika ni rafiki au ndiye aliyemdhamini.

Adabu nyingine ni za kawaida. Usiguse silaha ya mtu bila idhini, usimfundishe asiyeomba, usimsemeshe aliyekwisha kulenga. Maganda uliyoyakuta si yako, maana wengine huyajaza upya.

Yasiyoonekana huchukuliwa kwa wepesi. Mlio wa bunduki nyingi huvuka desibeli 140, na masikio yaliyoharibika hayarudi. Ndani ya jengo vaa viziba na vifunika kwa pamoja. Kisha kuna madini ya risasi, yaliyo kwenye vichwa vya risasi na mara nyingi kwenye fataki iliyo kitakoni mwa ganda. Vumbi lake hutua mikononi na kwenye nguo. Usile wala kuvuta sigara kwenye mstari, nawa kwa sabuni na maji baridi, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, hasa nyumba ikiwa na mtoto anayetambaa. Anayefyatua kila wiki kwenye uwanja wa ndani amwambie daktari wake hivyo waziwazi, aagiziwe kipimo cha damu. Asiposema, uchovu na maumivu ya tumbo vitatafutiwa sababu mia nyingine.