5.9 ya Kagera ilipimwaje?

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Nyumba zilianguka Bukoba, watu wakafa, na vyombo vya habari vikatangaza tetemeko la 5.9 "katika kipimo cha Richter". Namba yenyewe haina tatizo. Kipimo kilichotajwa ndicho ambacho wanasayansi walikwisha kukiweka kando.

Chombo kinachonasa tetemeko huitwa seismomita. Ndani yake kuna kipande kizito kilichoning'inizwa kwenye springi. Ardhi ikisogea, fremu huenda nayo, lakini kile kizito huchelewa kufuata, na tofauti hiyo ndiyo inayorekodiwa. Ni chombo kinachohisi kwa wepesi mno: hata lori linalopita barabarani hukisumbua.

Mawimbi ya kwanza kufika, yaitwayo P, husafiri kwenye miamba kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde. Ya pili, S, huenda kilomita 3.5 hivi, na ndiyo yanayotikisa zaidi. Zidisha sekunde zilizopita kati yao kwa nane, utapata umbali kwa kilomita. Kwa tetemeko la Kagera, kituo cha Mbarara, Uganda, kilikuwa umbali wa kilomita 100 na kidogo, yaani pengo la sekunde 13 hivi. Kule Kilima Mbogo, Kenya, pengo lilikuwa la dakika moja hivi. Umbali peke yake hauonyeshi upande, kwa hiyo kila kituo huchorewa duara kwenye ramani. Maduara matatu yanapokutana, hapo ndipo kwenye kitovu.

Sasa ile namba. Charles Richter alibuni kipimo chake mwaka 1935 kwa ajili ya California, akitegemea aina moja tu ya seismomita. Kwa matetemeko makubwa sana kilishindwa: namba iligoma kupanda hata nguvu ilipozidi. Mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walipendekeza hesabu nyingine, inayozingatia ukubwa wa eneo la mwamba lililokatika, umbali lililoteleza na ugumu wa mwamba huo. Hiyo ndiyo inayotumika leo. Kila namba moja ikiongezeka, nishati huongezeka mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la Rukwa la mwaka 1910, takriban 7.4, lilitoa nishati karibu mara 180 ya lile la Kagera.

Lakini 5.9 ni ya tetemeko zima, wala haikuelezi nyumba yako ilitikiswa vipi. Ukuta wa matofali usio na nondo, uliojengwa kwenye udongo laini wa bondeni, unaweza kuporomoka huku jirani aliyejenga juu ya mwamba akipata nyufa mbili tu. Kwa hilo kuna kipimo cha Mercalli, chenye ngazi kumi na mbili, na kwa kiasi kikubwa hujazwa kwa kuwauliza watu: Vyombo vilianguka kabatini? Ulishindwa kusimama? Ukuta ulipasuka wapi?