Azuriti: jiwe la shaba ni la kuvaa, si la kunywa

Katika vilima vya Kama, mkoani Maniema, macho ya wachimbaji yamezoea weusi wa kasiteriti, madini yanayotoa bati. Jiwe la buluu likitokea mbele yao huvuta watu papo hapo. Wauzaji wa mawe ya urembo hulisifia mengi: kwamba linafungua akili, linatuliza kichwa, linasafisha damu likilowekwa katika maji ya kunywa. Hilo la mwisho ni la hatari. Buluu inayopendeza hivyo ni shaba, na shaba ikizidi mwilini ni sumu.

Linatoka wapi

Makao ya azuriti katika nchi yetu ya Kongo si Maniema bali ukanda wa shaba wa Katanga, kuanzia Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi. Maji ya mvua yakipenya mwamba wenye shaba, huiyeyusha na kuishusha. Katika nyufa shaba hiyo huungana na kaboni na oksijeni, ikaganda upya. Ikiwa ya buluu ni azuriti. Ikiwa ya kijani ni malakiti. Mara nyingi mawe haya mawili hukaa pamoja kama mapacha. Yuko pia jirani yao, krizokola, mwenye rangi kati ya buluu na kijani, ambaye shaba yake imeungana na silika.

Wenyeji wa Katanga waliyeyusha mawe ya shaba karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906. Walitengeneza misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha, na wafu walizikwa nayo. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliikuta katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale.

Jinsi ya kulitambua

Karibu asilimia 55 ya uzito wa azuriti ni shaba. Hata hivyo ni jiwe laini: ugumu wake ni 3.5 hadi 4 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi hushika 10, kwa hiyo kisu cha kawaida hulikwaruza. Uzito wake ni karibu mara 3.8 ya maji ya ujazo uleule, wakati kasiteriti hufika karibu mara 7. Mchimbaji wa Maniema atautambua upungufu huo mara tu alishikapo. Ukilisugua kwenye upande mkavu wa kigae cheupe, huacha mstari wa buluu hafifu. Na ukipangusa jiwe ulilouziwa kwa pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kisha pamba ikageuka buluu, huenda jiwe hilo limepakwa rangi.

Imani na ushahidi

Imani za tiba ya shaba ni za kale na zimeenea duniani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa 70 wa baridi yabisi waliovaa bangili za shaba. Hawakuona nafuu yoyote ya maana katika maumivu wala uvimbe. Kuvaa jiwe kwa urembo au kwa faraja ya moyo hakudhuru mtu. Kuacha dawa za hospitali kwa sababu yake ndiko kunakodhuru.

Mwili unahitaji shaba kidogo sana, na tunaipata katika chakula, kama maharage, karanga na maini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Azuriti haiyeyuki kirahisi katika maji matupu, lakini ndimu, siki na asidi ya tumboni huitoa shaba yake. Anayekunywa shaba hiyo kwa wingi hupata kichefuchefu, hutapika, huumwa tumbo na kuharisha.

Mbaya zaidi ni mrututu, chembe za buluu ambazo wengine huzipaka kwenye vidonda. Huo ni shaba iliyoungana na salfa na oksijeni, na huyeyuka majini upesi. Ukimezwa huunguza tumbo, huvunja chembe nyekundu za damu, huharibu ini na figo, na unaweza kuua. Mtoto akimeza, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kituo cha afya, ukichukua na mabaki ya alichokula.

Vumbi nalo si la kupuuzwa. Anayekata au kung'arisha mawe ya shaba ayaloweshe maji wakati wote, avae barakoa, na asifanyie kazi hiyo jikoni wala karibu na watoto. Tena kuna mawe ya rangi kali ya Katanga yenye urani, madini ya mionzi, ndani yake. Mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945, uko karibu na Likasi. Jiwe ghafi lisilojulikana limetoka mgodi gani halifai kulazwa chini ya mto wa kitanda.

Matunzo yake

Lipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha likaushe. Usilisafishe kwa ndimu, siki, amonia wala maji ya moto. Jipake manukato kwanza, ndipo uvae jiwe. Livue unapopika, unapofua na unapooga. Lihifadhi peke yake katika kitambaa, mbali na jua, joto na unyevu, maana azuriti ikikaa vibaya kwa muda mrefu huweza kugeuka malakiti, na buluu ikageuka kijani.

Wazazi, wauzaji na waganga wa Maniema, tuliseme hili waziwazi sokoni na nyumbani: jiwe la shaba ni la kuvaliwa na kutazamwa. Lisitiwe katika chupa ya maji, lisisagwe kuwa dawa, na mrututu ufungiwe mahali mtoto hafiki.