Ward (neno la Kiingereza)

Ward (hutamkwa karibu na "wod", kwa o ndefu) ni nomino ya Kiingereza yenye maana tatu kuu: eneo la utawala au la uchaguzi, chumba cha kulaza wagonjwa hospitalini, na mtu aliye chini ya uangalizi wa mlezi kisheria. Kwa Kiswahili cha Tanzania Bara maana ya kwanza ni kata, ya pili ni wodi. Maana ya tatu haina neno moja. Husemwa "mtoto aliye chini ya mlezi".

Asili yake ni neno "weard" la Kiingereza cha kale, lililohusu ulinzi na mlinzi. Maana zote tatu zinatoka hapo: eneo lenye ulinzi wake, chumba chenye waangalizi, mtu anayelindwa. "Warden" na "guard" ni ndugu zake, ingawa "guard" lilipitia Kifaransa. Kiambishi kilichomo katika "forward" na "backward" kina asili nyingine. Hakina uhusiano na ulinzi.

Maana ya kata

Nchini Tanzania kata iko chini ya tarafa. Vijijini huundwa na vijiji, na mijini kwa kawaida huundwa na mitaa. Wakazi wake humchagua diwani, ambaye kwa Kiingereza ni "ward councillor". Hapa wanafunzi wengi huandika "counsellor", neno ambalo maana yake ni mshauri nasaha. Afisa mtendaji wa kata ni "Ward Executive Officer", na baraza la kata ni "Ward Tribunal".

Mpangilio wa maneno hugeuka. Kiswahili husema "Kata ya Kwamsisi", Kiingereza "Kwamsisi Ward", kwa herufi kubwa zote mbili kwa sababu ni jina maalumu, na bila "the" mbele yake. Neno likisimama peke yake huandikwa kwa herufi ndogo na huhitaji kitangulizi, kwa kuwa ni nomino ya kuhesabika: "She lives in the ward", si "She lives in ward". Inafaa pia kuandika "the ward of Kwamsisi". Lakini "He is a ward of Kwamsisi" humfanya mtu huyo awe mtoto anayelelewa na Kwamsisi. Anayetaka kusema ni mkazi aandike "He is a resident of Kwamsisi Ward".

Hata hivyo, kwa Kwamsisi hilo halitoshi. Mkoa wa Tanga una kata mbili zenye jina hilo, moja Handeni na nyingine Korogwe. Barua au fomu ya maombi yenye "Kwamsisi Ward, Tanga" peke yake haimwambii msomaji ni ipi kati ya hizo. Anwani iliyo wazi hutaja wilaya au mji: "Kwamsisi Ward, Handeni District" kwa ile ya kwanza, "Kwamsisi Ward, Korogwe Town" kwa ya pili.

Shule za sekondari za kata, zilizoenea sana katika miaka ya 2000, kwa Kiingereza rasmi huitwa "community secondary schools". Tafsiri ya neno kwa neno, "ward schools", hueleweka Tanzania, lakini msomaji wa nje anaweza kudhani ni shule za ndani ya hospitali.

Nje ya Tanzania Bara matumizi hutofautiana. Zanzibar na Kenya husema "wadi". Katiba ya Kenya ya 2010 ilianzisha serikali za kaunti, na nchi ina wadi 1,450, kila moja ikiwa na mwakilishi wake katika bunge la kaunti.

Maana ya wodi

Hospitalini neno hutanguliwa na aina ya wagonjwa: "maternity ward" ni wodi ya wazazi, "children's ward" ni wodi ya watoto. Likifuatwa na namba halichukui kitangulizi: "He is in Ward 6". Waingereza husema pia "on the ward", hasa wakizungumzia wauguzi walio kazini.

Sentensi "The nurse visited every ward" ina utata. Muuguzi anaweza kuwa alipita wodi zote za hospitali, au alizunguka kata zote akitoa chanjo. Ikikusudiwa kata, ni bora kuongeza jina la wilaya: "every ward in Handeni District".

Maneno yanayochanganywa nalo

"Word", yaani neno, hutofautiana na "ward" kwa herufi moja tu, na sauti zake si sawa: "ward" lina vina na "lord", "word" lina vina na "bird". "Award" ni tuzo. "Reward" ni zawadi ya kumlipa mtu kwa alichofanya. Kitenzi "ward off" maana yake ni kukinga au kufukuza kitu kibaya, kama mbu au ugonjwa.

Kwa upande wa Kiswahili, "kata" nalo lina maana nyingine ambazo "ward" haliwezi kuzifasiri: chombo cha kuchotea maji kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi, na duara la kitambaa au majani linalowekwa kichwani chini ya mzigo, ambalo wengine huliita ngata.