Uchochezi: aliyesema «mchomeni» naye ni mtenda kosa

Usiku, mtu anayeshukiwa kuwa mwizi anakamatwa katika mtaa. Raia wanakusanyika. Mmoja anapaza sauti: «Mchomeni!» Mwengine anaandika katika kikundi cha WhatsApp: «Leteni pneu na mafuta.» Asubuhi maiti iko barabarani, na hao wawili wanajitetea: «Sisi hatukumgusa.»

Wakaaji wa Goma, Bukavu na Butembo wanaijua vizuri hiyo haki ya umati. Wengi hawajui kwamba utetezi huo hauna nguvu mbele ya sheria.

Kifungu cha 21 cha Sheria ya adhabu ya Kongo kinahesabu kuwa mtenda kosa yule anayemchochea mwengine moja kwa moja kulitenda: kwa zawadi, ahadi, vitisho au kwa kutumia vibaya mamlaka yake, kwa hotuba mahali pa watu wengi, au kwa maandishi yanayosambazwa. Msaidizi wa kawaida anapewa adhabu isiyopita nusu. Mchochezi, yeye, anabeba adhabu nzima sawa na aliyewasha moto.

Je, kulalamika ni uchochezi? Hapana. Kusema «wezi wanakamatwa leo, kesho wanaachiliwa» ni haki ya raia. Kuita maandamano ya amani pia: Katiba, kifungu cha 26, inaomba tu kuwajulisha viongozi kwa maandishi. Tofauti iko katika maneno «moja kwa moja»: kulaumu polisi ni jambo moja, kuelekeza watu kumuua fulani ni jambo lingine.

Jirani yetu Rwanda iliona maneno yanafika wapi. Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyekuwa mtangazaji wa redio RTLM mwaka 1994, alikiri mbele ya mahakama ya kimataifa ya Arusha kosa la kuchochea mauaji ya kimbari. Mwaka 2000 alihukumiwa miaka 12 gerezani. Silaha yake ilikuwa mikrofoni.

Na anayetumwa? Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimishwa kutekeleza amri iliyo wazi kinyume cha sheria, hata ikitoka kwa mkubwa. Basi kijana anayeambiwa kuleta pneu anaweza kukataa, na anayepokea ujumbe ule anaweza kutousambaza. Mshukiwa apelekwe polisi akiwa hai. Akiwa si yeye mwizi, bado kuna nafasi ya kumwachilia.